Bango la Dawa ya Homa

Juzi kwenye duka la dawa hapa Kitale, nilisimama mbele ya bango kuukuu la dawa ya homa, lenye mtoto mnono anayecheka. Nikamwambia mwenye duka, "Hizo ndizo zilikuwa dawa, bana!"

Mama kijana, mtoto wake akiwaka homa mgongoni, akairudisha chupa aliyoandikiwa hospitalini. "Basi nipe ile mzee anasema."

Mwenye duka akanikazia macho. "Haya mzee, mwambie."

Nikamgeukia yule mama. "Mama, chukua hiyo ya daktari. Mimi nilikuwa nasifu picha tu."

"Ati picha?" Akaichukua chupa ya daktari, akaondoka bila kuniaga.

Mungu anisamehe. Mtoto wa bango nilimkumbuka vizuri. Ndugu yangu mdogo, aliyeinywa dawa hiyo na bado tukamzika, sikumkumbuka.