Viwavi wa Marlys na Dawa ya Viroboto

Saa moja asubuhi, Marlys Haugen anaingia jikoni kwake, kusini mwa Minnesota, bado amevaa viatu vya kazi. Usiku kucha amefua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee. Mwingine angejitupa kitandani. Yeye anakwenda kwanza kuchungulia kizimba cha wavu kilicho juu ya meza.

Ndani mna vifuko viwili tu vya viwavi wanaogeuka vipepeo, vinaning'inia juu. Wiki iliyopita kizimba kilijaa viwavi.

Marlys, mwenye miaka sitini na moja, huokota mayai ya vipepeo wa rangi ya chungwa, wale wanaoitwa wafalme, kwenye magugu ya utomvu mweupe kando ya barabara kabla mashine za kufyeka hazijapita. Viwavi huwalea nyumbani, mbali na buibui na nyigu. Hawa wa Agosti ndio roho yake, kwani ndio wanaoruka mpaka Meksiko kukwepa baridi. Wenzao wa Juni hufia hapa hapa.

Jumapili aliitwa kazini, zamu ya ziada. Viwavi akamwachia mumewe Duane, dereva wa lori aliyestaafishwa na magoti. Duane alijituma kweli: akabadilisha majani, akafagia kinyesi. Lakini muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amempaka mbwa wao dawa ya viroboto, kisha akajifuta mikono kwenye suruali, kama wanaume tulivyo.

Dawa ya kiroboto haichagui mdudu. Marlys aliporudi, viwavi walikuwa wakijipinda na kutapika maji ya kijani. Kufikia jioni karibu wote walikuwa wamekufa. Walipona wawili tu, waliokwisha kujifunga katika vifuko, maana hao hawali tena.

"Sikumgombeza," anasema Marlys. "Nguvu ningeitoa wapi? Nilikaa nikalia, kisha nikarudi kufua."

Jirani yao Verna, ambaye kila kiangazi humuuliza kama serikali inamlipa kwa kufuga minyoo, safari hii alileta bakuli la nyama na viazi vya kuokwa, kama mtu anayekwenda kwa wafiwa. Hakutania hata kidogo.

Mimi na Marlys tukiwa bado tunazungumza mezani, kifuko kimoja, kilichogeuka cheusi tangu jana, kinapasuka. Kipepeo anatoka, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyotoka mashineni. Tunangoja. Marlys anasinzia kitini, anashtuka, anachungulia tena.

Kufikia adhuhuri mabawa yamekauka. Marlys anamwita mumewe, ambaye tangu Jumapili hajaisogelea meza ile.

"Njoo umtoe nje."

"Mimi? Niache, mama. Nitamuua na huyu."

"Umenawa?"

"Nimenawa mpaka ngozi inabanduka."

"Basi leta kidole, mzee. Mimi miguu imekwisha."

Duane ananyoosha kidole. Kipepeo anakipanda, na mzee anatoka naye uani polepole, magoti yakilia. Upepo unavuma, kipepeo anainuka, anapita juu ya mahindi ya jirani, anaelekea kusini.

Namuuliza Marlys kama mwakani ataendelea. Anasema Jumapili aliapa kuacha, na mgongo wake bado unamsihi aache. Kisha anamtazama mumewe, ambaye amesimama uani, kidole bado kimenyooka.

"Kwanza nilale," anasema. "Mwakani viwavi atalea yeye. Mbwa nitampaka dawa mimi."