Siku niliyojua maana ya "daraja" kwa wakwe zangu wa Mofu

Wakuu, salaam popote mlipo, wa lami na wa matope.

Ninayoandika hapa yalinikuta masika yaliyopita. Sijatia chumvi. Mke wangu amesoma kabla sijapost, akaniomba nifute sehemu moja, nimefuta. Mengine yote yapo kama yalivyokuwa.

Wanaoijua ID hii wanajua ni ya ubishi. Nimezaliwa Ifakara mjini, nimesoma chuo, degree iko kabatini, nauza vifaa vya simu. Kila uchaguzi ukikaribia mimi ni yule jamaa wa "wote ni wale wale". Sijawahi kupiga kura. Hata kujiandikisha sikuwahi, na nilikuwa najisifia hilo humu humu.

Mke wangu, Edina, kwao ni Mofu, kitongoji kilicho ng'ambo ya mto. Kiangazi unavuka kwa miguu, maji ya vifundoni, unashika viatu mkononi. Mimi ukweni nilikuwa nimefika kiangazi tu: kupeleka barua, kupeleka mahari, basi. Hilo lishikeni, mtaona mbele kwa nini.

Tulipooana hatukupata nafasi ya kwenda popote. Edina alikuwa na hamu moja, kuiona Dar. Hakutaka kwenda kununua kitu wala kutembelea ndugu. Alitaka kutembea tu na kutazama. Pasaka ilipokaribia nikafunga banda, tukapanda treni.

Kwenye behewa tulikaa na bwana mmoja wa Mlimba, mfanyabiashara wa mchele, mcheshi kweli. Siasa ilianza kabla hata treni haijashika mwendo.

Akasema, "Mwanasiasa ni kweleakwelea. Wakati wa kupandikiza humwoni hata mmoja. Mpunga ukianza kuiva tu, hao, wingu zima!"

Nikadakia, "Ndiyo maana mimi sipigi kura. Ndege wote ni wale wale."

Edina alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua uso.

"Na kwenu Ifakara mkiona ndege wote ni wale wale, mnaacha kuamia?"

Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. "Bwana shemeji, hapo umefukuzwa shambani! Mwanamke kakutoa na kombeo!"

Nami nikacheka. Wakuu ambao hamjalima mpunga, kuamia ni kushinda shambani ukifukuza ndege kutwa nzima, kila siku, mpaka siku ya kuvuna. Hawaishi. Lakini ukiacha siku moja, unavuna mabua. Edina alipiga kura kila uchaguzi kwa hesabu hiyo. Mimi niliona anapoteza muda.

Dar tukafika. Msitegemee hadithi ya mshamba mjini, maana aliyepotea Kariakoo ni mimi, na aliyeuliza njia ni yeye. Tulikula mihogo ya kukaanga ufukweni. Tukapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi bila shughuli yoyote, tumesimama tu ukingoni kama watoto.

Siku ya tatu akataka tukaone lile daraja refu linalopita juu ya bahari, ambalo watu wanakwenda kupigia picha jioni.

Tulisimama katikati. Upepo mkali. Edina aliinama akatazama chini muda mrefu, halafu akaniuliza:

"Kabla halijajengwa walikuwa wanapita wapi?"

"Kuna njia nyingine, ile tuliyopita asubuhi."

"Sasa hili la nini?"

"Foleni. Walikuwa wanachelewa."

"Foleni," akarudia. Mimi nilidhani amechoka.

Nikamwambia asogee kwenye ukingo nimpige picha. Nilitumia simu yake kwa sababu kamera yake ni nzuri kuliko yangu. Ndiyo maana simu ilipoita niliipokea mimi. Alikuwa mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwambie mwenzio, Skola uchungu umemshika. Maji yamejaa huku, mtumbwi umegoma. Tunampitisha na daraja."

Network ikakata.

Skola ni dada yake Edina, mkubwa wake. Alikuwa anategemea mtoto wake wa kwanza.

Sasa wakuu, mimi ninayehoji kila kitu, siku hiyo sikuhoji. Uchaguzi ulikuwa umepita miezi michache tu nyuma, na nilijua kitongoji kile kiliahidiwa daraja. Nikasema moyoni, kumbe wamejenga! Nikamgeukia mke wangu nacheka:

"Dada anajifungua! Maji yamejaa lakini wanampitisha na daraja. Leo nakubali, kura yako imelipa!"

Edina alikaa chini. Pale pale kwenye njia ya waenda kwa miguu, na gauni lake jipya. Watu wakawa wanamkwepa.

"Hakuna daraja," akasema. "Daraja ni kanga."

Akanieleza. Uchaguzi wa nyuma ya huu, mgombea mmoja alisimama kitongojini kwao, akaahidi daraja, na akina mama wote wakagawiwa kanga zenye picha yake. Masika yakafika, daraja hakuna, mtoto mmoja akaumwa na nyoka. Wakakutanisha kanga mbili za yule mgombea, wakamlaza humo, wanaume wanne wakashika pembe, wakavuka naye maji yakiwa kifuani. Walipofika ng'ambo mwanamke mmoja akasema, "Alituahidi daraja, si ndilo hili?" Watu wakacheka. Tangu hapo kanga ile ikaitwa daraja. Nifulie daraja langu. Niazime daraja nibebee mtoto. Mgeni hawezi kujua, nami nilikuwa mgeni.

Uchaguzi uliofuata ahadi ilikuwa ile ile, na kanga zikagawiwa tena.

Tulipiga simu pale darajani, haipatikani. Tukapiga tena, haipatikani. Wenzetu kushoto na kulia wanapiga selfie. Kijana mmoja akaniomba nimpige picha yeye na mchumba wake, nikawapiga. Sijui kwa nini nilikubali. Nadhani mikono ilitaka kazi.

Jua lilikuwa linazama mama mkwe alipopatikana. Edina aliweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mama, wamevuka?"

Yule mama akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya samaki:

"Daraja limekatika, mwanangu."

Safari hii sikuhitaji kutafsiriwa.

Kanga ilichanika katikati ya mto. Wale wanaume walimtafuta, mmoja wao nusura naye achukuliwe na maji. Skola alipatikana chini zaidi, kwenye matete. Yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Tulirudi na basi la alfajiri. Ndani abiria walibishana siasa kama kawaida, nani kaiba, nani msaliti, nani ataingia. Kwa kawaida ningedandia. Nilitazama dirishani mpaka Mikumi ikapita.

Tulipofika mtoni maji yalikuwa bado yamejaa. Mwenye mtumbwi alimwambia Edina, "Dada yangu, nikikuvusha leo nitakuwa nimewazika wawili." Kwa hiyo tulisimama ng'ambo hii. Upande wa pili tuliwaona watu wakipita na jeneza, wadogo kama sisimizi, na wimbo wa kanisani ukawa unakuja na kupotea kwa upepo. Edina aliimba nao kutoka huku. Tulizika kwa macho.

Ningeishia hapo. Lakini kilichonifanya niandike uzi huu kimetokea juzi juzi.

Kiti cha diwani kilibaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Tulikuwa ukweni, kiangazi, maji ya vifundoni. Mgombea akaja na gari lenye spika. Sikitaji chama, maana najua mtaanza kutupiana mawe. Akaahidi daraja. Kisha vijana wake wakashusha marobota ya kanga.

Akina mama wakapanga mstari. Na mama mkwe wangu akaingia kwenye mstari.

Nilidhani atamrushia usoni. Kwa kweli nilitaka amrushie. Alipofikiwa akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema ahsante, akarudi kukaa.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, hizi hizi?"

"Hizi hizi, baba."

"Baada ya Skola?"

Aliikunjua ile kanga, akashika pindo mbili, akaivuta kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akaigeuza, akaivuta upande wa pili. Akaipeleka kwenye mwanga kutazama kama uzi umeachana.

"Hii nzito kidogo," akasema. "Ile ilikuwa imefuliwa sana. Mimi nikikataa kanga, mvua nayo itakataa kunyesha?"

Edina alikwenda kupiga kura. Alirudi na kidole chenye wino, hakusema alimpigia nani, sikumuuliza. Mimi nilimsubiri nje, juani, kwa sababu jina langu halipo popote. Ule ujanja niliokuwa najisifia humu, siku hiyo ulinifanya mtu wa kushika pochi.

Sijaokoka kisiasa, msinipongeze. Bado naona ndege ni wale wale. Ila sasa najua kwamba kusema hivyo ni rahisi ukiwa umekaa ng'ambo hii ya mto.

Mengine jadilini mtakavyo, matusi nimezoea. Lakini nina swali moja, na humu najua kuna mafundi wa turubai, wa machela, wa mahema. Ni kitambaa gani kinaweza kumbeba mtu mzima, kikiwa kimelowa, kwenye maji yanayokwenda kasi, kisichanike?

Siulizi kwa kejeli. Edina ni mjamzito, yuko Mofu na hataki kumwacha mama yake, na mvua za kwanza zimeshaanza milimani.