Mistari Miwili ya Insulini

Paka alikuwa wa mwajiri wangu, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake Lavington, na alikuwa na kisukari. Paka, si mwalimu. Mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mwalimu alisafiri kwenda kumwona mwanawe ng'ambo. Alinikabidhi paka ndani ya kikapu, chupa ya insulini na sindano zake, nikambeba hadi kwetu Gatina. Ploti nzima, wapangaji wote wa vyumba vyetu, ilicheka mpaka ikachoka. Jirani mmoja aliniuliza kama mgonjwa wangu ana kadi ya kliniki.

Mimi sikucheka. Dozi yake ilikuwa mistari miwili tu kwenye bomba la sindano, mistari myembamba kama unywele, na daktari wa wanyama alikuwa amenionya kwamba nikizidisha, sukari itashuka, paka azimie, pengine asiamke tena. Asubuhi na jioni nilimwekea chakula, nikasimama mlangoni penye mwanga, nikavuta dawa, nikaligonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande, nikayasukuma nje, kisha nikapima upya. Jasho lilinitiririka. Mikono yangu imefua mablanketi ya watu na kubeba mitungi ya gesi, lakini haikuwahi kupewa kazi ndogo kama mistari ile miwili.

Tena hofu yangu kubwa haikuwa ya paka. Niliishi chumba kimoja na mama yangu, naye pia alikuwa na kisukari; kliniki walikuwa wamemwambia vidonge havimsaidii tena, aanze kudungwa insulini. Alikataa katakata. Alisema sindano ya kila siku ni ya mtu ambaye watu wameshaanza kumchangia jeneza. Kidonda mguuni mwake kilikuwa kinakataa kupona, na kila nikikitaja alianza kuzungumzia bei ya maharagwe. Nilijua paka huyu akifa kwa sindano, mama hatakubali kamwe. Kanisani nilimwombea paka kimoyomoyo, na sikuona aibu.

Kila nilipoanza kumdunga paka, mama alitoka nje. Hata kutazama hakutaka. Lakini chupa yeye ndiye aliyeitunza, ndani ya mkebe uliofungwa vizuri na kuwekwa kwenye maji ya mtungi wake, kwa sababu friji hatukuwa nayo. Siku moja nilimwonyesha ile mistari miwili kwenye bomba tupu, akaguna. Yeye aliuza maharagwe katika soko la mtaani liitwalo 56, akipima kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili, na gorogoro lake lilijazwa mpaka likaota kilima, kisha akaongeza konzi moja juu ili mteja arudi. Aliniambia dawa kiduchu namna ile ni kumdhihaki mgonjwa.

Jioni moja mvua ilinichelewesha. Nilipoingia, mama alikuwa ameketi sakafuni na paka mapajani, paka amelegea, kichwa kinaning'inia, miguu ikirukaruka yenyewe. Bomba la sindano lilikuwa mezani.

"Umechelewa, nikamdunga mwenyewe," alisema. "Kipimo yako, na nyongeza kidogo."

Nilimwuliza kidogo kiasi gani. Alinionyesha kwa ukucha: mstari wa tano.

Nilikoroga sukari kikombeni kwa maji kidogo hadi ikawa nzito, nikampaka paka kwenye ufizi kwa kidole, tena na tena, nikiogopa kummiminia akapaliwa. Ufizi ulikuwa baridi. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, nikashindwa kusikia kama anapumua, ikabidi nimwekee kiganja mbavuni. Hasira ilinipanda. Nilimwambia mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea, kwamba haya si maharagwe. Aliendelea kulishika taya la paka, na midomo yake ilikuwa inacheza kama anayesali.

Sukari kikombeni ilikuwa inakaribia kwisha nilipohisi ulimi kwenye kidole changu. Ulilamba mara moja, ukatulia, ukalamba tena. Baada ya muda paka aliinua kichwa, akatutazama kama watu waliomkosea adabu, akalia njaa. Nilimletea chakula, na alipoanza kula nikaangua kilio, kwa sababu ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa nimeogopa.

Mama aliningoja nimalize. Nilimwuliza ni kitu gani kilimwingia, yeye asiyeweza hata kutazama sindano, mpaka akaishika.

"Nilikuwa nataka tu kujua kama hiyo kitu inauma," alisema. "Wewe ningekuuliza, ungesema haiumi."

Nikamwuliza alionaje.

Alimnyooshea paka kidole.

"Alikuwa anakula. Hata hakugeuka." Akajifuta mikono kwenye rinda. "Kesho nipeleke kliniki. Lakini mimi na wewe tusipime. Wapime wao."