Nilivyoipandisha Kasi Kompyuta Yangu

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili nilipoamua kuifanya kompyuta yangu iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Nautaja umri kwa sababu fundi niliyempelekea baadaye aliutaja sana, ingawa sikuwa nimemwambia.

Nilikuwa karani wa shule kwa muda mrefu. Nilipoacha kazi nikaanza kuhariri video za harusi na mazishi nyumbani kwetu Lanet. Watu huniletea walichorekodi, nami nakata, naunganisha, naweka nyimbo na majina ya wahusika. Sehemu hiyo naipenda. Mateso yalikuwa mwishoni, kompyuta inapotakiwa kukusanya vipande vyote viwe video moja. Ilichukua karibu siku nzima, na stima ikipotea katikati, naanza upya.

Juma moja nilikuwa na harusi ya Gilgil, na stima ilikuwa imenipotezea kazi mara mbili. Bibi harusi alikuwa amechoka kunipigia simu, akamwachia mama yake. Basi nikaketi na simu yangu kusoma, na ndipo nilipokutana na jambo ambalo wenyewe huliita overclocking. Nilisoma siku tatu. Nikajua kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nyingine zimeachwa wazi, mwenyewe anaweza kuziongeza mwendo, na zinatambulika kwa herufi iliyo mwisho wa namba zake. Yangu ilikuwa nayo. Nilifurahi kama mtu aliyegundua kuwa nyumba yake ina chumba ambacho hakuwahi kukifungua.

Mume wangu amekuwa makanika wa malori maisha yake yote. Nilimweleza tukinywa chai.

"Injini ukiilazimisha inachemka," alisema. "Hiyo yako inapozwa na nini?"

"Feni."

"Umeiangalia?"

Nilienda kuiangalia. Nilitoa skrubu, nikafungua ubavu wa kompyuta, na kabla ya kugusa chochote nikapiga picha ya ndani, kama nilivyosoma. Nikaiwasha kidogo, feni ikazunguka. Nikaridhika, nikaizima, nikafunga. Hilo lilikuwa kosa langu na sitamsukumia mtu mwingine: kuzunguka si kupoza, na chini ya ile feni kulikuwa na vumbi la miaka.

Niliiwasha nikishikilia kitufe kinachokupeleka kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayosomwa kabla kompyuta haijaamka. Nikapandisha mwendo ngazi moja. Ikawaka vizuri. Nikaijaribu kwa kipande cha video, nikaona tofauti kwa macho yangu. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nilipandisha ngazi tatu kwa mpigo, nikairudishia kazi ya harusi, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi ilikuwa imezima. Nilipoiwasha, feni zilivuma lakini skrini ikabaki nyeusi.

Asubuhi yake tuliipeleka mjini, kwa fundi mwenye duka dogo lenye meza ya kioo. Mume wangu aliibeba kwa sababu ni nzito. Kwa kosa hilo la kuibeba, fundi akaamua ni yake.

"Mzee, shida ni gani?"

Nilijibu mimi. Nilieleza kila nilichofanya, kwa mpangilio, pamoja na zile ngazi tatu. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akacheka, na wateja wawili waliokuwa hapo wakacheka naye.

"Mathe, kwa umri wako unatafuta nini huko ndani? Hiyo ni game ya vijana. Mzee, umwambie hii kitu si jiko."

Mume wangu hakucheka. Mimi nilisimama pale uso ukiwaka moto, nikaiacha kompyuta.

Alikaa nayo siku nne. Tulipoichukua alisema, akimwangalia mume wangu, kwamba ubao wote wa ndani, unaobeba prosesa na vipande vingine, ulikuwa umekaribia kuungua, kwamba alikuwa ameuokoa kwa kazi ngumu, na kwamba nisiiguse tena. Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga, na nilimshukuru, jambo ambalo linaniuma mpaka leo.

Lakini kompyuta ilikwenda polepole kuliko zamani. Hata kabla ya kupandishwa kasi haikuwahi kukwama vile. Siku mbili nilijilaumu kwamba nimeiharibu. Siku ya tatu niliifungua, nikaweka ile picha kando yake. Kwenye picha kulikuwa na vipande viwili vya memori, vile vinavyoipa kompyuta wepesi, vimesimama sambamba. Mbele yangu kilikuwa kimoja, na pengo.

Nilimwita mume wangu. Aliangalia picha, akaangalia ndani, akaenda kuvaa viatu.

Dukani kulikuwa na watu, na nilishukuru. Niliweka kompyuta mezani, nikamwonyesha fundi picha.

"Hiyo si hii," alisema. "Hiyo ni picha ya mashine ingine."

"Kuna namba ya kiwanda hapa kwa ubao. Soma ya picha, halafu usome ya hapa."

Hakusoma. Alimgeukia mume wangu. "Mzee, hebu ongea na mathe. Naona amekasirika bure."

"Mashine ni yake," mume wangu alisema. "Ongea na yeye."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amepakata mkoba wa laptop alisogea akasoma zile namba kwa sauti, kwanza ya picha, kisha ya ubao. Zilikuwa sawa.

Fundi alivuta droo, akapekua, akatoa kipande. "Nilikuwa naitesti. Nikasahau kurudisha."

Alitaka kukipachika mwenyewe. Nilinyoosha mkono mpaka akanipa. Nilikipachika pale pale mezani kwake, nikakibonyeza hadi pande zote mbili zikalia, nikafunga ubavu, nikakaza skrubu zote bila haraka. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Basi iko sawa sasa, mathe," kana kwamba amenifanyia hisani.

Nyumbani nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niling'oa feni, nikatoa vumbi zito kama sufi, nikafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka nyingine. Nikiendelea kusoma nikagundua pia kwamba skrini nyeusi kama ile hutibiwa kwa kutoa betri ndogo ya ubaoni kwa dakika chache na kuirudisha. Sina hakika alifanya nini siku zile nne. Lakini najua kazi ngumu ya kuokoa ubao haikuwa ngumu, na najua alichojiokolea ni kipande changu cha memori.

Nilipandisha kasi tena, ngazi moja tu, nikiwa nimeketi mbele yake naangalia joto. Video ya Gilgil ilikamilika kabla ya chakula cha mchana. Mama wa bibi harusi aliipokea, akaitazama yote, akauliza kwa nini shangazi yake ameonekana mara moja tu.

Watu huniambia nisahau, kwa vile kipande kilirudi. Kipande si hoja. Ningeweza kuvumilia kuambiwa nilikosea, kwa sababu nilikosea. Nisichoweza kumeza ni kwamba alinicheka mbele za watu ili nione aibu kuifungua tena, na kidogo tu afaulu.

Yule mwanamke wa laptop alikuwa ameomba namba yangu pale dukani. Ni fundi wa nguo, anashona sare za shule na kuchora nembo zake kwenye kompyuta. Alikuja nyumbani Jumamosi, akaiweka mezani laptop yake iliyokuwa ikikwama. Nilichukua bisibisi, naye akanyoosha mkono.

"Hapana," alisema. "Wewe niambie tu. Nifungue mwenyewe."