Kofia Niliyoifua

Juzi niliona kofia ya vita ya Mjerumani kwenye dirisha la duka la vitu vya kale hapa Stockholm, nikasimama kama niliyepigiliwa misumari. Babu yake baba alivaa ya namna hiyo, alipokuwa askari wa Mjerumani kule Tabora. Picha hakuacha. Iliyobaki ilikuwa kofia yenyewe, kitambaa cha kaki, tai wa chuma mbele, na ndani jina lake kwa wino.

Siku moja nilipokuwa mtoto, kwetu Hallonbergen, kitongoji cha hapa Stockholm, tulikuwa tunamngoja mzee wa Kiswidi, mjuzi wa kofia za vita, aje kuithibitisha. Mama alikuwa anakaanga maandazi, nyumba inanukia iliki. Mimi nikaona aibu, mgeni anakuja, na kofia yetu inanuka jasho! Ilikuwa zamu yetu ya kufua kule chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima, nikaisokomeza mashineni pamoja na soksi zangu.

Mzee alipofika akavaa miwani, akapapasa mishono ya kofia.

"Tai ni wa kweli. Jina liko wapi?"

"Humo ndani," baba akasema.

"Hamna kitu."

Nikadakia kwa maringo, "Baba, nimeifua! Ilikuwa inanuka kichwa cha marehemu!"

Mama akanifinya. Mzee akasema bila jina inaweza kuwa ya askari yeyote.

Baba hakunichapa. Aliingiza uso ndani ya kofia, akavuta pumzi ndefu. Nikadhani anafurahia sabuni.

"Ni ile ya maua, baba."

Akaitikia kwa kichwa, uso bado umo humo. Sasa najua alikuwa anamtafuta babu yake.