Namba ya Bunduki ya Babu

Babu mzaa baba alipokuwa mzee sana alisahau majina yetu sote, lakini namba ya bunduki yake hakuisahau. Alipigana Burma akiwa askari wa Mwingereza, na vita vilipokwisha alirudi Tanga na koti zito la jeshi ambalo katika joto lile hakuna aliyejua alivae lini. Bunduki waliichukua wenyewe Waingereza. Miaka yake ya mwisho, akiwa kitandani, alikuwa akinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, anaitaja ile namba tarakimu moja moja, kisha anangoja. Shangazi, ambaye ndiye aliyemuuguza, alimwekea mkongojo juu ya mikono ile ili atulie. Hakutulia. Aliupokea, akaitaja namba upya, na machozi yakamtoka. Tulisema anaililia bunduki yake, na namba ile tukaijua nyumba nzima, wakubwa kwa watoto.

Ndiyo maana mwaka 2017, nilipokuwa na kibali cha kudumu cha kuishi Afrika Kusini na sheria ikaniruhusu kuomba leseni, niliamua bunduki yangu ya kwanza iwe ya aina ile. Nilikuwa na karakana ndogo ya ngozi Doornfontein, Joburg, nashona mikoba na viatu, na baadhi ya wateja wangu walikuwa wazee wa Kizungu wanaolenga shabaha siku za mapumziko. Waliniletea mikanda ya bunduki zao niitengeneze, na kwao nilijifunza kwamba bunduki za vita vya babu bado zinauzwa, baada ya majeshi kuzitoa maghalani. Nikasoma kozi, nikafaulu mtihani, nikafunga sefu ya chuma ukutani katika nyumba tuliyopanga La Rochelle. Babu alikufa mikono mitupu. Niliona kwamba katika ukoo mzima ni mimi niliyefika mahali ambapo kitu chake kinapatikana, na nisipokichukua mimi hakuna mwingine atakayekichukua.

Mke wangu hakutaka kusikia la mwadhini wala la mteka maji. Yeye ni msusi, Mkongomani wa Kivu, na alitoka kwao kwa miguu akiwa bado msichana. Watoto wetu hawajawahi kushika hata bunduki ya plastiki. Na huku, kabla leseni haijatoka, polisi humuuliza mke kama ana amani silaha ikiingia ndani. Aliniambia hatawadanganya polisi kwa ajili yangu. Siku nitakayochagua atakwenda nami, aione kwa macho yake, ndipo atajua la kuwajibu. Nilikubali, lakini kwa kisirani. Nilijiambia, huyu anamjua babu yangu wapi?

Shangazi alikuwa upande wangu. Alinipigia simu kila Ijumaa kutoka Tanga, na kila mara alinihimiza niitafute bunduki ya baba yake. Ila Shangazi hakuwahi kuimeza ile habari ya mimi kuoa Kongo. Aliuliza watoto, aliuliza kifua changu na baridi ya Joburg, kisha akaaga. Shangazi hakumtaja mke wangu hata kwa bahati mbaya, na mke mwenyewe, simu ikiita tu siku ya Ijumaa, alinyanyuka akaenda jikoni.

Jumamosi moja tukaenda dukani. Muuzaji alikuwa Kaburu mzee mwenye miwani ya kamba, nami nikamwamkia oom, yaani mjomba, kama wenzake wanavyomwita. Alitandika blanketi juu ya kaunta akanilazia bunduki tatu. Moja ilikuwa ya Kijerumani, nzuri ajabu, mbao yake inang'aa. Ya pili ilikuwa ya Kiingereza, lakini mwindaji fulani alikuwa ameikata mbao ya mbele ili iwe nyepesi. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza pia, nzima, imejaa mikwaruzo na doa jeusi la jasho pale shavu linapolala. Oom alinionyesha namna ya kuchagua. Unamulika tochi ndani ya mtutu uone kama ile mistari inayozunguka bado iko hai. Unalinganisha namba ya kifungio, kile kipande kinachosukuma risasi ndani, na ya mwili, ujue kama vimezaliwa pamoja. Unauliza kama risasi zake bado zinapatikana. Mnunuzi wa kwanza, alisema, anunue mtutu, asinunue hadithi.

Mimi nilikuwa nimekuja kununua hadithi. Nilisoma namba za zile mbili za Kiingereza tarakimu moja moja, na bila shaka ya babu haikuwemo. Oom alinieleza kwa upole kwamba nyingi ziliyeyushwa zamani. Sikujali. Mkanda wake nilikwisha kuushona. Fundi yeyote wa ngozi atakwambia huwezi kukata mkanda kabla hujauona mkoba, lakini mimi nilikuwa nimeukata, nimeushona na kuupaka nta, na ulikuwa mfukoni mwangu umekunjwa. Nikasema nataka ile ya tatu.

Oom aliuliza kwa nini hiyo, na mtutu wa ile ya Kijerumani ni safi zaidi. Nikamweleza habari za babu. Kiingereza kikanipungukia, basi nikaamua kumwonyesha. Nikailaza bunduki juu ya mikono yangu miwili, nikainyoosha mbele, nikaitaja namba tarakimu moja moja.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mkoba kifuani. Akasogea.

"Muzee alikuwa ananyoosha vile?" akauliza. "Kama vile kabisa?"

Nikamwambia ndiyo, kila siku, mpaka alipokufa.

"Ule hakukuwa anaomba," akasema. "Ile ni kurudisha. Kwetu nilibaona batu batoka mu pori. Banapanga mulolongo, bananyoosha mikono vile, banangoja komanda apokee. Kama hajaipokea, mutu hawezi enda kwake."

Kaka yake alikuwa mmoja wao. Waasi walimchukua kwa nguvu akiwa shuleni, na siku aliyotoka msituni kurudisha bunduki, mke wangu na mama yao walisimama kando ya barabara wakamwangalia. Komanda alikuwa anaandika, hana haraka, na kaka mikono ikamtetemeka chini ya ule uzito, lakini hakuthubutu kuishusha. Mambo hayo nilikuwa sijawahi kuyasikia, na tulikuwa tumeoana miaka mingi.

Nilimwona babu kitandani, nikamwona Shangazi akija na mkongojo kwa mapenzi yake yote. Mzee alikuwa bado yuko kwenye foleni ile. Kila alipoirudisha, sisi tulimrudishia.

Nilibaki nimesimama mikono mbele, sijui niiweke wapi bunduki ya watu. Mke wangu akaweka mkoba wake sakafuni, yeye ambaye haweki mkoba chini hata kanisani kwa kuogopa pesa zisikimbie. Akapiga magoti kidogo, kama anavyofanya akisalimia wakubwa, akaichukua bunduki kutoka mikononi mwangu kwa mikono yake miwili.

"Tumeipokea, babu," akasema. "Enda nyumbani."

Akailaza juu ya blanketi taratibu. Oom hakujua Kiswahili hata neno, lakini alivua miwani yake, na hakuniuliza tena kama ninanunua. Nililia mbele yake, na sikuona haya.

Tulitoka bila kununua, na kabla ya kuwasha gari nilimpigia Shangazi ingawa haikuwa Ijumaa. Nilimweleza yote, na lile la mkongojo nilimweleza kwa kusitasita, maana nilijua litamchoma. Akauliza ni nani aliyeipokea.

Nikamwambia ni mke wangu.

"Mpe simu," akasema.

Mke wangu aliitazama ile simu, akanitazama mimi, akaipokea kwa mikono miwili.