Maneno ya Mama Mbele ya Wali

Tulifika Ibra, Oman, mwanzoni mwa miaka ya sabini, baba, mama na mimi. Baba alikuwa karani wa bandarini Unguja, na ukoo wake ulitoka Ibra. Hakuwahi kuuona mji huo, lakini alikuwa akiutaja kama mtu anayetaja chumba cha nyumbani kwake. Serikali mpya ilikuwa ikiwaita watu wake warudi, nasi tukarudi, kama neno hilo lafaa kwa watu waliokuwa wakienda kwa mara ya kwanza. Shekhe wa kabila alimshuhudia baba kuwa ni mtu wao, baba akapewa jawazi, pasi ya kusafiria, nami nikaandikwa ndani yake. Mama alikuwa mtu wa mjini Unguja, hana kabila Oman. Tukaambiwa karatasi yake itafuata. Miaka sita ikapita, haijafuata.

Tulikaa kwa ami yangu, ndugu yake baba kwa baba. Babu alioa huku, akaoa na kule. Ami ndiye aliyezaliwa huku, na Afrika hakupata kufika. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa ua wa nyuma, wenye vyumba viwili vya udongo na mti wa ndimu, na kila Ijumaa alituletea nyama kwa mkono wake. Lakini mlango wa kutokea njiani ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa upande wake.

Humo ndani nikajifunza kusali namna mbili. Mama alisali kama walivyosali kwao: akiinua mikono, akiifunga kifuani, na mwisho wa Alhamdu akisema amin kwa sauti. Ami na watu wake walisali mikono imenyooka, na amin hawaisemi. Baba naye alisali kama wao, na Unguja hapana aliyewahi kuliona jambo hilo kuwa jambo. Lakini Ibra, wake wa ami walitazama, kisha wakamfundisha mama taratibu, kama mtoto. Mama akacheka. Baada ya hapo akasali peke yake chumbani. Mimi nikisali naye nafunga mikono, nikisali nao naiacha ining'inie, na mara nyingine katikati ya rakaa nasahau niko na nani.

Baba akafariki kwa homa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza skuli pamoja na wasichana wa mwanzo mwanzo pale mjini. Masqat walikuwa wanatafuta wasichana wa kusomea ualimu. Nikajaza fomu yote, ikabaki mahali pa saini ya walii wangu, mwanamume anayenisimamia, na walii wangu sasa ni ami.

Aliniita majlisi, chumba chake cha wageni. Nikambusu kichwa, nikakaa. Yeye Kiswahili hakijui, tulisema Kiarabu.

"Masqat hutakwenda," alisema. "Mwanangu mkubwa nataka akuoe wewe, bint ami yake. Ukikubali, nitakwenda kwa wali, mkuu wa mji, nimshuhudie mama yako, apate jawazi."

"Na nikikataa?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Basi sina la kumwambia wali. Aliyeniunganisha na mama yako ni marehemu, na marehemu hayupo."

Siku zile watu wa Zinjibari tulitembea kwa hadhari. Wenzetu wengi walipata kazi nzuri serikalini kwa sababu ya Kiingereza chao, na hapo hapo palikuwa na minong'ono kwamba tumetoka na siasa za huko, kwamba hatujulikani ni wa nani. Mtu asiye na karatasi hakutaka kutajwatajwa. Akilini nikamwona mama akirudishwa Unguja, kwenye nyumba iliyokwishachukuliwa na wengine. Siku ya tatu nikamwambia ami kheri, nimekubali. Mama sikumwambia.

Aliambiwa na mke mkubwa wa ami, aliyemletea kitambaa cha harusi achague rangi. Mama alikuja chumbani nacho mkononi.

"Hii ni nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakikunja kile kitambaa vizuri sana, akakiweka juu ya sanduku.

"Nani alikwambia mimi naitaka karatasi hiyo kwa shingo yako?" Akavaa buibui lake. "Hebu njoo. Utanifasiria."

Ami alikuwa shambani Al Qabil, tukapita mlangoni bila ya kuulizwa. Wali alikuwa akikaa barza asubuhi, na kila mwenye shida, hata mwanamke, alikuwa na haki ya kuingia. Wanaume walikuwa wamekaa mkekani kuzunguka kuta. Tukakaa karibu na mlango. Zamu yetu ilipofika, mama alisema kwa Kiswahili, sauti yake imetulia:

"Mwambie wali, mimi ni mjane wa mtu wa hapa. Mume wangu nimemzika katika ardhi yao. Shemeji yangu hanishuhudii mpaka nimpe binti yangu. Kama hapana njia nyingine, wanirudishe nilikotoka, lakini mtoto huyu asifungwe kwa ajili yangu."

Nikafungua kinywa. Niliwaona wanaume wale wote, nikajua kuwa kabla ya adhuhuri kila neno litakuwa limefika kwa ami. Nikasema kwa Kiarabu: "Mama anakusalimu. Anasema yeye ni mjane, anaomba karatasi yake iharakishwe."

Karani akaanza kuandika. Hapo mzee mmoja upande wa pili akakohoa, akaniambia kwa Kiswahili cha bara:

"Mwanangu, siyo hayo aliyoyasema mama yako. Nimekaa Tabora miaka mingi, nimesikia vizuri. Utayasema, au niyaseme mimi?"

Nikainamisha kichwa. Akayasema yeye, neno kwa neno, hakupunguza wala hakuongeza. Wali akanigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Naam," nikasema. Hilo tu ndilo lililokuwa neno langu mwenyewe mbele ya wali siku ile.

Wali akauliza nani anamjua marehemu. Yule mzee na wengine wawili walikuwa wamehudhuria maziko yake; wakashuhudia kuwa mama ni mjane wake, na barua ya jawazi ikaandikwa pale pale. Njiani kurudi mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliogopa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi pia."

Alipata jawazi baada ya miezi michache, na harusi haikutajwa tena. Lakini ami alijenga ukuta kati ya nyua mbili, akatutobolea mlango wetu wa nyuma, na nyama ya Ijumaa ikakoma. Hakutufukuza, maana watu wangesema. Fomu yangu hakuitia saini, mwaka ule wala uliofuata. Majirani walimwona mama kuwa mwanamke aliyelipeleka jina la nyumba barzani, wakaacha kuja kunywa kahawa. Ruhusa ya kusafiri alikuwa nayo, na hakwenda popote, kwa sababu mimi sikuweza kwenda bila ya idhini ya ami. Skuli ya wasichana ilikuwa na upungufu wa walimu, wakanichukua kufundisha darasa la kwanza. Miaka ikapita hivyo: skuli na nyumbani, nyumbani na skuli.

Katikati ya miaka ya themanini mtoto wa ami, yule niliyetakiwa kuolewa naye, alikuja skuli kumwandikisha binti yake. Alikuwa ameoa Nizwa, sasa amerudi. Tulisalimiana kama watu wasiojuana. Nilipokuwa nikijaza jina la mtoto, alisema polepole, macho yake kwenye daftari:

"Siku zile hata mimi sikuulizwa. Habari ya harusi niliijua siku uliyokwenda barzani."

Nikamwambia mtoto aletwe Jumamosi asubuhi, wiki ya skuli ianzapo, na asisahau penseli.